Kukokotoa ugumu wa springi za nyuma za pikapu

Pikapu nyingi zinazoshusha viazi kutoka Molo hadi Nakuru zimeongezwa bamba la springi kwa kukisia, ndiyo maana nyingine hurukaruka zikiwa tupu na bado huinama zikijaa. Ugumu wa springi ni nguvu inayohitajika kuibonyeza milimita moja, nao hupimika kwa tepu na mifuko ya saruji.

Kwanza, egesha gari tupu mahali tambarare, ulitikise nyuma mara kadhaa, kisha upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pande zote mbili.

Pili, panga mifuko 8 ya kilo 50 juu kabisa ya ekseli, utikise tena na upime upya. Tuseme gari limeshuka milimita 50. Kila springi imebeba kilo 200; zidisha kwa 9.81 upate nyutoni 1,962, ugawanye kwa 50, yaani takriban nyutoni 39 kwa milimita. Mimi hupima tena ninapoishusha mifuko na kuchukua wastani, kwa sababu mabamba yenye kutu hukwama yanaposuguana, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Tatu, amua mzigo wako wa kawaida na mshuko unaoukubali. Kilo 800 kwa mshuko wa milimita 80 ni kilo 400 kwa kila springi, yaani nyutoni 3,924; gawanya kwa 80 upate takriban nyutoni 49 kwa milimita. Ikiwa springi ina mabamba 4 yanayolingana, la 5 la aina hiyo hiyo litaifikisha hapo: 39 mara 5, gawanya kwa 4. Unene usiuchezee, kwa maana ugumu hufuata kipeo chake cha tatu: bamba la milimita 10 ni gumu karibu mara mbili ya lile la milimita 8 lenye urefu na upana sawa.

Nakusihi usipite uzito ulioidhinishwa na mtengenezaji, kwani springi mpya haiimarishi ekseli, beringi wala breki.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kisumu:* Fundi, mimi hubeba samaki na barafu, na masanduku hukaa karibu na mlango wa nyuma. Je, hesabu hubadilika?

*Jibu:* Hubadilika, ndugu. Ikiwa kati ya ekseli mbili kuna mita 3, na kitovu cha mzigo kiko sentimita 30 nyuma ya ekseli, kilo 400 huwa 440 kwenye springi za nyuma, huku mbele pakipunguziwa kilo 40 na usukani ukawa mwepesi. Sogeza masanduku mbele kabla ya kununua bamba.

*Mwanachama, Kakamega:* Vipi nikiweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ili gari liinuke?

*Jibu:* Vitaongeza kimo tu. Mzigo ule ule utalishusha gari milimita zile zile.