Kuzikinga Spoki za Gurudumu la Nyuma Zisiharibiwe na Cheni na Mkono wa Gia

Baiskeli yenye gia inapovushwa kwa feri ya Likoni asubuhi, katikati ya umati na mikokoteni, ni rahisi kubanwa au kuangukia ubavu wa kulia, na kinachoumia kwanza ni mkono wa gia, yaani kile kifaa kinachoning'inia nyuma na kuihamisha cheni. Kwa mtazamo wa haraka huonekana mzima. Kumbe kishikizo chake, yaani kipande kinachouunganisha na fremu, kimepinda kidogo kuelekea ndani, na siku utakapolipanda Daraja la Nyali ukaweka gia nyepesi kuliko zote, cheni itaivuka gia kubwa na kuzama kati yake na spoki, au mkono wenyewe utanaswa na spoki na kung'olewa.

Kwa hiyo anza na kishikizo, wala usikimbilie bisibisi. Chutama nyuma ya baiskeli uvitazame vile vigurudumu viwili vidogo vya mkono wa gia: vinapaswa kusimama wima, kimoja chini ya kingine, sambamba na gia iliyokaliwa na cheni. Kile cha chini kikiinamia spoki, kishikizo kimepinda. Vishikizo vingi vya alumini hutengenezwa vilaini makusudi ili vipinde vyenyewe na kuinusuru fremu; kilichopinda sana ni afadhali kibadilishwe, kwani kukinyoosha mara kwa mara hukivunja.

Kishikizo kikishanyooka, tafuta kwenye mkono wa gia skrubu mbili za mpaka, zinazoamua mkono usogee hadi wapi. Iliyoandikwa L ndiyo inayouzuia mkono usivuke gia kubwa ya ndani. Mwombe mtu akuinulie gurudumu la nyuma, zungusha pedali polepole hadi cheni ipande gia kubwa, kisha usukume mkono wa gia kwa kidole kuelekea spoki. Cheni ikitaka kuvuka, kaza L robo mzunguko ujaribu tena; ikishindwa kupanda, legeza kidogo. Usiijaribu barabarani kabla ya hapo.

Kile kisahani cha plastiki nyuma ya gia, kinachoizuia cheni isifike kwenye spoki, ambacho wengi hukitoa kwa kuona kinaharibu sura, nakipendekeza kwa dhati kwa baiskeli ya kazi, ila jua la pwani hukikausha, na kikipasuka kibadilishwe.

Cheni ikidumbukia hata mara moja, pitisha ukucha kwenye kila spoki ya upande wa kulia, karibu na habu (kitovu cha gurudumu), mahali inapojikunja. Gurudumu la spoki 36 lina 18 upande huo, na 9 kati yake, zinazopita nje ya ukingo wa habu, ndizo hukwaruzwa zaidi. Ukucha ukikwama, badilisha spoki hiyo hata kama rimu haiyumbi, kwa sababu spoki za upande wa gia ndizo zilizokazwa zaidi na hukatika pale pale palipokwaruzwa, hasa hewa yetu ya chumvi ikishatia kutu humo. Chagua za chuma cha pua, na umwambie fundi aikaze mpya sawa na jirani zake kabla hujaipakia mzigo.