Maikrolita moja isikupige chenga

Maikrolita 1 ni mchemraba wa maji wenye upande wa milimita 1. Ukitumia pipeti, kifaa cha mkononi cha kuvuta na kutoa kimiminika kidogo, kiasi hicho unaweza kukibeba nje ya tipu, yaani ncha yake ya plastiki, bila kujua, na kidirisha chake cha namba kisikwambie kitu. Ndiyo maana kila mgeni wa maabara ninayemfundisha mimi humwambia aitazame tipu kuliko namba.

Chukua pipeti ndogo kabisa inayotosha. Ile ya 20, yaani inayopima hadi maikrolita 20, inaweza kupima maikrolita 2, ila hapo inakuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Kama ya 2 ipo, ya nini kujitesa? Namba iweke ukishuka. Kama unapanda, ipite kidogo kisha urudi, kwa sababu skrubu ya ndani ina ulegevu wake.

Sasa mkono. Bonyeza kitufe hadi kituo cha kwanza, pale kinapoanza kukaza, kabla tipu haijagusa kimiminika. Zamisha milimita 1 au 2, pipeti ikiwa wima, kisha achia polepole. Ukiachia kwa pupa utavuta mapovu. Hesabu sekunde moja, toa tipu kwenye kimiminika, igusishe kwenye ukuta wa kichupa ili tone la nje libaki humo. Halafu inua hadi usawa wa macho uone kilichopanda. Mimi huweka kitu cheusi nyuma yake, la sivyo sioni.

Wakati wa kukimwaga kimiminika, usingoje tone lidondoke. Dogo namna hiyo hung'ang'ania plastiki. Gusisha tipu ukutani au ndani ya kimiminika kilichopo, bonyeza kupita kituo cha kwanza hadi cha pili, mwisho kabisa, na utoke kidole kikiwa bado kimebonyeza.

Vimeng'enya vingi huhifadhiwa kwenye gliseroli ya asilimia 50, nzito na yenye kunata. Hapo gusa uso tu, na upe muda mrefu zaidi. Pia usiikumbatie pipeti siku nzima: kati ya pistoni na kimiminika kuna hewa, na joto la kiganja huitanua.

Lakini ukiniuliza mimi, njia bora ya kupima nusu maikrolita ni kutoipima. Una sampuli 20, kila moja yataka 0.5 ya kimeng'enya? Andaa ya sampuli 22: kimeng'enya maikrolita 11, bafa (mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike) 99, changanya taratibu, kisha gawa maikrolita 5 kila kichupa. Zile mbili za ziada ni za kinachopotea njiani.

Kujikagua, tafuta mizani inayosoma hadi miligramu 0.01. Maikrolita 10 za maji safi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi zina uzito wa karibu miligramu 9.98. Pima mara kumi. Namba zikitawanyika, shuku mkono wako kwanza. Zikishikana lakini zote ni pungufu, pipeti ipelekwe kurekebishwa. Fanya haraka, maana tone hugeuka mvuke mbele ya macho yako, na kikombe kidogo cha maji ndani ya kizimba cha mizani husaidia kulichelewesha.