Kupata vipimo vya matairi ya Ford Mustang ya 1965 kwa usajili wa Ujerumani

Kadi ya gari ya Ujerumani ina sehemu ya 15.1 kwa matairi ya mbele na 15.2 kwa ya nyuma. Mkaguzi wa kifungu cha 21 cha StVZO (kanuni za Ujerumani za kuruhusu magari barabarani) huandika humo ukubwa, uwezo wa kubeba na spidi, mfano 195/75 R14 92S: 92 ni uwezo wa kubeba, S ni spidi. Wengi humpelekea ukubwa tu, na kazi hukwama hapo.

1. Tambua gari. Angalia alama ya tano ya namba ya chasisi: T ni silinda sita, C, A na K ni V8. Hesabu na nati za gurudumu: silinda sita huwa na nne, V8 tano. Visipolingana, gari limebadilishwa. Pima kilichofungwa, usifuate kitabu.

2. Ukubwa wa asili. V8 ilitoka na 6.95-14, tairi la bayasi (la zamani, lenye nyuzi za mshazari). Radiali (tairi la kisasa, lenye R kwenye ukubwa) inayolikaribia zaidi ni 185/75 R14.

3. Mzigo. Hapa pana kazi kubwa, kwa kuwa gari la 1965 halina kibandiko cha uzito wa ekseli. Nunua karatasi ya data (Datenblatt) kutoka TÜV, shirika la ukaguzi wa magari. Ikikosekana kwa jina la Mustang, ulizia T-5, jina ambalo Ford ililiuzia gari hili Ujerumani. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa wa kila ekseli (kamwe si uzito wa gari tupu), kisha uugawe kwa mbili. Tuseme ekseli ya mbele ni kilo 900: kila tairi libebe 450, yaani namba ya mzigo 80 au zaidi. 82 ni kilo 475, 86 ni 530, 92 ni 630.

4. Spidi. S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210. Herufi iizidi spidi ya juu ya gari. Acha nafasi ya kutosha.

5. Kipenyo. Zidisha upana kwa asilimia ya urefu (75), kisha kwa 2, ujumlishe kipenyo cha rimu (inchi 14 ni milimita 355.6): 185 × 0.75 × 2 + 355.6 = milimita 633. Tairi la 195/75 R14 hufika 648, karibu asilimia 2.4 zaidi. Spidomita iliyokuwa sahihi itaonyesha 100 huku gari likienda zaidi ya 102, na sheria hairuhusu isome chini ya mwendo halisi. Dawa ni kubadilisha gia ndogo ya spidomita kwenye giaboksi.

6. Kabla ya kulipa. Mtumie mkaguzi hesabu hizi, akubali kwa maandishi. Tafuta ubavuni mwa tairi alama ya E ndani ya duara (idhini ya Ulaya), kwa sababu tairi lenye DOT (alama ya Marekani) peke yake laweza kukataliwa. Tarakimu nne za mwisho za DOT ni wiki na mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, liache. Radiali na bayasi hazichanganywi kwenye gari moja, hata kwa ekseli tofauti.