Kupima mkunjo wa Vorticella kwa hadubini, simu na hesabu

Vorticella ni kiumbe cha seli moja chenye shina. Kikishtuka, kalsiamu huachiliwa ndani ya shina, hushikana na protini iitwayo spasmini, na shina hujikunja kama springi ndani ya milisekunde 10.

Ukiwa Lindi, tafuta mizizi ya mimea inayoelea kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) ya bonde la mto Lukuledi. Mdomoni mwa mto kuna chumvi, achana nako. Weka kipande cha mzizi cha sentimita 1 kwenye kioo pamoja na tone la maji. Paka Vaselini kidogo pembe nne za kioo cha kufunikia, kisiwabane Vorticella. Kuza mara 100.

Mwanga ndio unaoharibu kazi nyingi. Baadhi ya taa za umeme wa gridi humetameta mara 100 kwa sekunde, na video ya simu ya picha 240 kwa sekunde itajaa mistari. Tumia tochi ya betri.

Gonga meza kwa penseli. Mkunjo utaonekana kwenye picha mbili tatu tu, haupimiki vizuri. Pima kunyooka, kunakochukua sekunde kadhaa. Video ikichezwa kwa picha 30 kwa sekunde, gawanya muda kwa 8, la sivyo namba zote ni za uongo.

Modeli ya kunyooka: U = Um − (Um − U0)e^(−t/τ), ambapo U ni urefu wa shina, U0 urefu likiwa limejikunja, Um likiwa limenyooka kabisa, t muda tangu lianze kunyooka, na τ (tau) kipimo cha muda kinachoonyesha kasi ya kunyooka: τ ikiwa kubwa, shina hunyooka polepole. Chora logi asilia ya (Um − U) dhidi ya t. Mteremko ni −1/τ. Mstari ukipinda mwishoni, pima Um upya: kosa dogo hapo hupindisha mkia wote. Ukipinda tangu mwanzo, τ moja haitoshi.