Somo: Kumwandaa askari wa doria ya baiskeli

Askari wengi wanaoletwa kwenye mafunzo haya wamepanda baiskeli tangu utotoni. Wasichojua ni kuiendesha polepole katikati ya umati, mkanda wa kazi ukiwa umejaa kiunoni, macho yakiwa kwa watu. Mwaka 1987 askari wawili wa Seattle, Marekani, walianza doria ya baiskeli kwa sababu gari lilikuwa linakwama kwenye msongamano wa katikati ya mji. Tangu hapo faida yake imekuwa ileile: kupita gari lisipopita, na kusikia ambayo aliyefunga vioo hayasikii.

Hatua ya 1: Baiskeli imfae mtu. Asimame ardhini ameipanua miguu, fremu ikiwa katikati, akiwa amevaa viatu vya kazi, ibaki nafasi ya kutosha kati ya mwili wake na fremu. Kisha akae. Pedali ikifika chini kabisa, goti likunjike kidogo tu. Wengi watakuomba ushushe kiti ili wakanyage ardhi vizuri. Usikubali, magoti yatalipa baada ya wiki chache.

Hatua ya 2: Polepole kwanza. Panga koni kwa mstari, wapite kwa kupindapinda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Waendelee kukanyaga pedali huku wameigusa breki ya nyuma kidogo. Hapo baiskeli hutulia. Anayeitazama koni ataigonga, kwa hiyo macho yaende kule anakotaka kufika. Wakishaweza, warudie kwa mkono mmoja, maana mwingine una kazi ya redio.

Hatua ya 3: Breki. Hapa sipendi haraka hata kidogo. Mtu anaposimama ghafla uzito hukimbilia mbele, na ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu zaidi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeiogopa kwa sababu iliwahi kumrusha. Alikuwa akibana ya nyuma peke yake, tairi linaburuzika, anapita mstari kwa mita nzima. Nilimwambia anyooshe mikono, asogeze makalio nyuma ya kiti, kisha abane zote mbili, ya mbele akiiongezea nguvu taratibu. Mara ya sita alisimama juu ya mstari, magurudumu yote mawili yako chini. Rudieni hadi mwili ufanye wenyewe.

Hatua ya 4: Kushuka. Askari avushe mguu nyuma ya kiti baiskeli ikiwa bado inatembea, ashuke akiwa tayari amesimama imara. Ngazi na kingo za barabara zifuate baadaye, zikianzia zilizo fupi.

Hatua ya 5: Vifaa. Kofia ngumu ikae sawasawa juu ya paji la uso, isielekee kisogoni. Miwani, glavu, taa ya mbele na ya nyuma, begi la nyuma lenye pampu, tyubu ya akiba na vifaa vya huduma ya kwanza. Pingu na kitu chochote kigumu visikae katikati ya mgongo: akianguka chali, uti wa mgongo ndio utakaopokea. Kabla ya kila zamu akague upepo, breki, mnyororo, na kama magurudumu yamekazwa.

Maswali ya wanachama

*Mkufunzi, baadhi ya askari wetu wanalalamika ganzi sehemu za siri. Wanaona aibu kulisema.*

Asante kwa kuwasemea. Hili ni suala la afya kazini. Pua ya kiti hukandamiza mishipa ya damu na ya fahamu. Watafiti wa serikali ya Marekani waliwapa askari wa baiskeli 90 viti visivyo na pua kwa miezi 6. Wasiopata ganzi waliongezeka kutoka asilimia 27 hadi 82. Vinataka kuzoea kidogo, kwa sababu mapaja hayana tena pua ya kusaidia kuongoza baiskeli. Wapeni.

*Afande, askari akifika kwenye tukio anahema, atamkamataje mtu?*

Apunguze mwendo kabla ya kufika, abadili gia iwe nyepesi, avute pumzi. Kwenye mazoezi, wakimbize kwa baiskeli kisha papo hapo waamuru watoe taarifa kwenye redio. Usipoyaelewa maneno yao, hawajawa tayari.

*Akilazimika kukimbia kwa miguu, baiskeli aiache wapi?*

Ndiyo maana tunawatuma wawili wawili. Aliye mbele anaiacha njiani na kukimbia. Mwenzake anatoa taarifa kwenye redio, kisha anamfuata akiwa bado juu ya baiskeli yake. Baiskeli iliyoachwa itarudiwa. Mwenzako asiachwe peke yake.