Safari kwa Kiingereza: trip, journey au travel?

Wengi wetu tukitaka kusema safari kwa Kiingereza tunachomoa neno lolote tu, matokeo yake imeili ya bosi inachekesha. Cha kwanza angalia kama hiyo safari unaihesabu. Kama ni moja, mbili, tatu, travel weka pembeni, hakuna kitu kinaitwa a travel, hilo ni la mambo ya kusafiri kwa ujumla, mfano air travel.

Sasa jiulize unaongelea nini hasa, kwenda na kurudi pamoja na kilichokupeleka, au ile njia yenyewe? Umetoka Dar ukaenda Arusha kikazi siku tatu ukarudi, hiyo ni business trip. Ila kama unalalamikia basi, masaa kibao siti ya nyuma, tairi limepasuka Korogwe, sema the journey was terrible, hapo mtu anajua ni barabarani sio kwenye kikao. Na trip unasema go on a trip, journey ni make a journey.

Voyage ni ya majini au anga za juu tena ndefu, boti ya Zanzibar ya masaa mawili wala usiihangaikie. Tour ni kuzungukia sehemu kadhaa, Ngorongoro halafu Serengeti, au msanii na shoo zake.

Kumuaga mtu, safe trip na safe journey zote poa. Ile journey mercies ya makanisani huku kwetu inaeleweka fresh, ila Muingereza anaweza akakukodolea macho tu.