Kulinganisha nyuki wa milimani na kipepeo wa msituni, anza na joto

Kabla hujachora jedwali lolote chagua spishi moja moja, ukiandika tu "nyuki" na "kipepeo" utapotea njiani. Mi nachukua Bombus impetuosus, nyuki mnene wa manyoya wa milima ya Sichuan kule China, na Morpho peleides, kipepeo wa bluu wa misitu ya Costa Rica. Na jamani usitoke nje ukapiga picha lile dude jeusi linalotoboaga mbao za paa ukasema ndo lenyewe, yule ni nyuki mwingine kabisa, Bombus kwa asili huku kusini mwa Sahara hawapo.

Wengi wanaanza na miguu (sita kwa sita, haya, umemaliza). We anza na joto. Mlimani asubuhi baridi kali, sasa nyuki anarukaje? Anatetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, kama dizeli inavyopashwa injini alfajiri, kifua kikifika kama digrii 30 hivi ndo anaondoka. Hiyo inakula nishati balaa, ndo maana yuko kwenye maua muda wote, na yale manyoya ni sweta lake. Morpho je? Msitu wake una joto tayari, sweta la nini, kwa hiyo ana mwili mwembamba na mabawa mapana, sentimita 12 na zaidi ukiyatandaza, na wala hahangaiki sana na maua, anafyonza zake maji ya matunda yaliyooza.

Kwenye kuruka usikose hii: kwenye utafiti uliochapishwa 2014, watafiti waliwachukua hao nyuki mita 3,250 juu, wakawatia kwenye chumba kidogo na kupunguza hewa polepole, na wawili waliendelea kuelea hata hewa ilipokuwa nyepesi kama ya mita 9,000 na ushee, yaani juu ya Everest! Hawakupiga mabawa haraka zaidi, walipanua tu mpigo. Morpho yeye anapiga taratibu, juu bluu chini kahawia, ndege anayemfukuza anaona mwako, mara hamna, mara mwako tena upande mwingine.

Rangi weka mwisho, na usiandike "bluu" ukaishia hapo. Manyoya ya nyuki yana rangi yenyewe ndani, ila bluu ya Morpho inatokana na mwanga unavyorudishwa na vigamba vidogo vya bawa. Ukipata bawa la aliyekwisha kufa dondoshea tone la spiriti, litageuka kijani, subiri likauke, bluu inarudi vilevile.